Jiko la Radzim

Ghorofa ya tatu, juu ya daktari wa meno,
nyuma ya mtaa wa Piotrkowska, mjini Łódź,
watu saba tulikuwa tukimtafutia mtu mmoja sababu
ya kutoka nyumbani kwake.

Jina alikuwa nalo: Radzim, msubu wa kengele.
Ndevu zake tulizichora wiki tatu, unywele kwa unywele.
Theluji ilijua kushika nyayo zake.
Kifua tu ndicho kilikuwa kabati tupu,
na Bogumiła, mwandishi wetu, alikesha akilijaza:
baba aliyechomwa na askari,
dada aliyechukuliwa na kiatu kimoja mguuni,
kiapo juu ya chuma chekundu.
Dakika nne za machozi na kinanda, kisha mlango.
"Mwenye kisasi," alisema, "hasukumwi."

Alhamisi akaja Dobrochna, mwanafunzi, kuujaribu mchezo.
Machozi aliyaruka. Akaua kumi na mmoja bila kupumua,
kisha akavua vipokea sauti:
"Huyu ana hasira kuliko mimi. Kwa nini?"
Tulikuwa tumemjibu kwa dakika nne nzima.

Baada yake Zenobiusz,
dereva wa tramu mstaafu, mjomba wa mhasibu wetu,
vidole vinene, kila kitufe akikiomba radhi.
Akamtazama baba akiungua. Akapangusa miwani.
Akakisikiliza kiapo hadi mwisho, kwa adabu.
Kisha tukamkabidhi Radzim, naye akampokea
kama mtu aliyeshikishwa koti la mgeni
asione pa kulitundika.

Mlango ule pale. Bonyeza.

Hakubonyeza. Akamgeuza Radzim polepole,
akagonga meza, akagonga ukuta,
akasimama mbele ya jiko.

Jiko lile nililichora mimi.
Nilitaka chumba kipate mwanga wa rangi ya chungwa, basi;
lilikuwa taa iliyovaa vigae.

"Nalizima vipi?"
Halizimiki, mzee. Ni pambo.
"Nyumba ya mbao, jiko linawaka, halafu mtu aondoke?"
Dada yako ametekwa, Bogumiła akamkumbusha.
"Dada yake," akasema Zenobiusz. "Mimi sina dada.
Ila jiko nimeachiwa mimi."

Alitoka mara nne. Mara nne alirudi.
Kwenye ramani ya nyayo, wengine walikuwa mito iendayo kaskazini;
yeye alikuwa kamba nene
iliyofungwa kati ya kizingiti na moto.

Wawrzyniec, bosi, akasema mzee mmoja si soko.
Bogumiła hakusema kitu. Alishuka ngazi bila koti,
akavuta sigara mbili mbele ya bango la meno,
akapanda, akafuta kiapo.
Kinanda akakifuta pia. Nilimwona akisita,
maana kinanda alikipenda.

Sasa mchezo unaanza asubuhi, na hakuna linalotokea.
Unaleta kuni. Unachochea.
Dada anakufundisha kufukia makaa kwa majivu:
si hivyo, utayaua, yaachie pumzi.
Unakosea. Anakucheka. Unarudia.
Siku ya tatu unarudi kutoka kisimani
na jiko liko wazi, linawaka,
na kiatu kimoja.
Hakuna anayekueleza chochote.
Kuna kitufe kimoja kipya.

Tulimwita tena Zenobiusz mwezi Februari.
Alikibonyeza kile kitufe taratibu, majivu yakashuka,
mwanga wangu wa chungwa ukapungua hadi ukawa uzi.
Akasimama mlangoni kidogo. Akatoka.
Nyuma yake Bogumiła alikuwa akitafuna kifuniko cha kalamu.

Kilima cha kwanza. Cha pili.
Kwenye cha tatu, upepo ukivuma, aliweka vitufe mezani.
Tukadhani amechoka.

"Makaa yale," akauliza, "yanadumu saa ngapi?"

Tukatazamana, watu saba.
Hakuna aliyekuwa amewaza.
Nikavuta kiti, nikafungua msimbo wa jiko,
nikaanza kuhesabu.